Djerba: Kisiwa Kilichojengwa kwa Tone la Mvua

Mwezi wa Septemba 2023, katika mji wa Riyadh, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikiingiza kisiwa cha Djerba, kilichoko kusini ya Tunisia, katika orodha ya mahali panapostahiki kuhifadhiwa kwa manufaa ya wanadamu wote. Khabari hiyo ilipita katika magazeti mengi kwa mistari michache, na wengi walioisoma hapana shaka walidhani kuwa kilichosifiwa ni ule ufuko wa mchanga mweupe ambao mawakala wa utalii wameutangaza kwa zaidi ya nusu karne. La hasha. Kilichoandikwa katika orodha ile ni namna watu wa kisiwa kikavu walivyojipangia makaazi yao. Ufuko, ambao ndio uliojengewa mahoteli, haukuwa sababu.

Jambo hilo linatuhusu sisi tunaokaa visiwani, na linawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya ardhi na maji ya visiwa. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nakuomba tukizunguke kisiwa hicho pamoja.

Djerba imo ndani ya Ghuba ya Gabès, nayo ni kubwa kuliko visiwa vyote vya Afrika ya Kaskazini. Eneo lake ni kilomita za mraba 514 hivi, yaani karibu nusu ya Pemba. Haina mlima wala mto. Mwinuko wake mkubwa, ulio upande wa Guellala, haufiki hata mita 60. Msafiri anaweza kuvuka kwa pantoni kutoka Jorf hadi Ajim, au kupita juu ya njia ya mawe ya El Kantara, yenye urefu wa kilomita saba hivi na msingi wa zama za Warumi. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 iliwakuta humo wakaazi zaidi ya 160,000.

Mvua ya Djerba kwa kawaida haifiki milimita 250 kwa mwaka. Sisi ambao masika na vuli hutumiminia mara sita ya kiasi hicho, na bado tukapigana vikumbo kwenye mfereji, ni vyema tukaifikiri tarakimu hiyo kwa muda. Visima vingi vya kisiwa kile vina maji ya chumvi chumvi. Basi watu wa Djerba, tangu karne ya tisa kwa uchache, waliona kuwa wakijikusanya katika mji mmoja mkubwa kama ilivyo desturi ya Waarabu na Warumi, ardhi haitawabeba. Wakatawanyika. Kila ukoo ukajichukulia eneo lake, likaitwa menzel, neno ambalo msomaji aliyepita chuoni atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa manzili, maskani.

Menzel ni shamba na nyumba kwa pamoja. Limezungushiwa tuta la udongo lililopandwa mipungate, ili miba izuie mifugo na tuta lizuie upepo kuupeperusha udongo. Ndani yake mna mizeituni, mingine ya umri mkubwa mno, mitende, mitini na mikomamanga; mna kisima cha kunyweshea miti, uwanja wa kupuria nafaka, na nyumba yenyewe, houch, iliyofunga madirisha yake kwa nje na kufungua milango yake yote uani. Chini ya ua huo, au pembeni yake, limechimbwa birika. Dari na sakafu zote zimepakwa chokaa na kuinamishwa kidogo upande mmoja ili mvua ya dakika chache isipotee, bali iteremke hadi birikani. Chokaa ile nyeupe ambayo watalii huipiga picha kwa uzuri wake iliwekwa kwanza kwa ajili ya usafi wa maji na kupunguza makali ya jua.

Katika menzel nyingi palikuwa pia na karakana ya mfumaji, na hapo ndipo mimi ninapoona akili ya watu wale kwa uwazi zaidi. Karakana hiyo imezamishwa nusu ardhini, ina dari ya kuba na kipaji cha pembetatu mbele. Kuta zilizozama hutunza ubaridi na unyevu, na unyevu huo huufaa uzi wa sufu usikatike. Ukiitazama kutoka mbali utadhani ni hekalu dogo. Ukiingia ndani unakuta kitanda cha mfumi.

Misikiti ya Djerba ni zaidi ya 300, na mingi ni midogo kuliko misikiti ya mitaani kwetu. Imekaa chini, minene ya kuta, myeupe, bila nakshi. Kisiwa kile kwa karne nyingi kilikuwa ngome ya Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, waliofika huko katika karne za mwanzo za Uislamu, na ingawa leo Wamaliki ndio wengi, Maibadhi wangalipo. Walikuwa ni watu waliowindwa na watawala wa bara. Ndiyo maana misikiti mingine imejengwa pwani kama kituo cha walinzi, wakitazama bahari na kuashiriana jahazi la adui linapotokea, na mingine, kama ule ulio karibu na Sedouikech, imechimbwa chini ya ardhi hata mpita njia asiyejua anaweza kupita asiuone. Msikiti wa Fadhloun, ulio njia ya Midoun, una kuta kama za boma, na ndani ya uzio wake mna mahali pa kusagia, pa kuokea mkate na pa kufundishia watoto. Kila msikiti una birika lake, na sakafu pana ya kukusanyia mvua kulizunguka. Chuoni nilikosomea Kurani, maalimu wetu alikuwa akitupimia maji ya udhu kwa kata, na mwenye kumwaga alirudia juzuu nzima. Tulidhani ni ukali tu wa mzee yule.

Msomaji wa Unguja asidhani kuwa mambo haya yako mbali na yeye. Maibadhi wa Djerba, wa Mzab huko Algeria, wa Jabal Nafusa huko Libya, wa Oman na wa Zanzibar walikuwa na mawasiliano ya vitabu na wanafunzi kwa muda mrefu. Mjini Cairo palikuwa na nyumba ya kufikia wanafunzi na wafanyabiashara wao, Wikala ya al-Jamus, iliyowekwa wakfu na mfanyabiashara wa Djerba. Na pale Sultani Barghash alipoanzisha matbaa yake hapa Unguja, miongoni mwa vitabu vilivyochapwa ni tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad Atfayyish wa Mzab. Kitabu kikaandikwa ukingoni mwa Sahara, kikachapwa kwenye kisiwa cha karafuu, kikasomwa hadi Djerba.

Si Waislamu peke yao walioishi humo. Katika kijiji cha Erriadh, zamani Hara Sghira, limo sinagogi la Ghriba, ambalo Mayahudi wa Djerba husimulia kuwa asili yake ni kubomolewa kwa hekalu la Yerusalemu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Kila mwaka, siku ya thelathini na tatu baada ya Pasaka yao, huja mahujaji kutoka nchi nyingi. Houmt Souk nako, mji mkuu ambao jina lake maana yake ni mtaa wa soko, liko kanisa la Wagiriki waliokuwa wakipiga mbizi za sifongo. Ujirani huo umetiwa majaribuni. Mwezi wa Aprili 2002 lori lenye milipuko liliripuliwa mbele ya Ghriba na kuwaua watu, wengi wao watalii wa Kijerumani. Na mwezi wa Mei 2023, miezi minne tu kabla ya ule uamuzi wa Riyadh, pakapigwa risasi na watu wakauawa tena wakati wa hija. Mayahudi wa Djerba hawakuondoka. Masonara wao wangali na maduka sokoni.

Yapo mengine ambayo nitayapitia haraka, kwa kuwa vitabu vya wageni vimeyasema sana: kwamba baadhi ya watu wanadai Djerba ndiyo nchi ya wala loto katika hadithi ya Homer, kwamba mji wa kale wa Meninx ulitajirika kwa rangi ya zambarau iliyotolewa katika konokono wa baharini, kwamba mwaka 1560 jeshi la wanamaji wa Uhispania na washirika wake lilivunjwa hapo na Waturuki, na mafuvu ya waliokufa yakajengewa mnara uliosimama hadi mwaka 1848. Wakati wa baridi heroe hushuka kwa makundi katika maji mafupi ya Ras Rmel, na hao hawamdai mtu chochote.

Lakini nitasimama kidogo Guellala. Hiki ni kijiji cha wafinyanzi, na ni miongoni mwa vijiji ambavyo lugha ya Kiberberi bado inasemwa. Udongo wao huchimbwa katika mapango marefu chini ya kilima. Mitungi ya Guellala ilibeba mafuta na nafaka katika bandari nyingi za Mediterania. Kipo chombo kimoja kidogo ambacho wavuvi wetu wangekipenda: chungu cha pweza. Vyungu vingi hufungwa katika kamba moja, vikatoswa baharini bila chambo. Pweza, kwa tabia yake ya kutafuta pango, huingia mwenyewe akajistarehesha, na mvuvi huja asubuhi kumtoa. Samaki hupelekwa mnadani Houmt Souk, ambako dalali hukaa juu ya kiti kirefu mithili ya mimbari, akaunyanyua mtungo wa samaki juu na kutaja bei. Mwenye kuijua Malindi au Darajani atacheka kwa kuona kuwa kelele ni zile zile.

Sasa tuje pwani ya mashariki, kwenye mahoteli. Utalii ulianza Djerba katika miaka ya 1950 na ukapanuka kwa kasi tangu miaka ya 1960, na mchanga wa Sidi Mahrez ukajengwa hoteli baada ya hoteli. Haitakuwa haki kusema kuwa haukuleta faida. Vijana ambao baba zao walilazimika kwenda kuuza duka Tunis au Paris (huko Tunis neno Mjerba kwa muda mrefu lilikuwa na maana ya muuza duka la vyakula) walipata kazi kwao. Kiwanja cha ndege kikajengwa, na barabara zikatiwa lami.

Lakini watu waliokuwa wakilipima tone la mvua kwa karne kumi na zaidi walijikuta ni majirani wa mabwawa ya kuogelea na bustani za majani. Mabirika hayakuweza tena kutosha, wala visima. Ikabidi maji yaletwe kwa mabomba kutoka bara, na hayo nayo yakawa hayatoshi, hata mwaka 2018 pakafunguliwa mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, wenye uwezo wa mita za ujazo 50,000 kwa siku. Ni kazi kubwa ya serikali na inastahiki pongezi. Hata hivyo maji ya mtambo yana bei, yanakula umeme, na hurudisha baharini maji ya chumvi kali. Birika la babu halikuwa likidai mafuta. Taka nazo zikaleta mgogoro wake: baada ya mwaka 2011 wakaazi wa Guellala walisimama kulipinga jaa lililowekwa karibu nao, na kisiwa kikakaa muda mrefu bila kujua pa kuzipeleka taka zake. Na katika kisiwa hicho hicho cha kiu, karibu na Midoun, wageni wakajengewa shamba la mamba. Nimelifikiria shamba hilo mara nyingi, na sijaona kama lipo la kuongeza.

Afisa anayekaa mbele ya ombi la kujenga hoteli ya vyumba mia mbili ataulizwa juu ya ajira, kodi na fedha za kigeni, na maswali hayo yana haki ya kuulizwa. Djerba inamwongezea mengine mawili, ambayo jibu lake laweza kuandikwa kwa tarakimu kabla msingi haujachimbwa: maji ya chumba kimoja kwa siku ni madebe mangapi, na yatachotwa kutoka kisima cha nani? Wazee wa menzel waliyajibu hayo kwa kila nyumba waliyoijenga. Bodi za mipango miji za zama zetu, zenye ramani na mashine za kuhesabia, huyaacha yajibiwe na wanawake wenye ndoo.

Juhudi za kuwavuta wageni waingie ndani ya kisiwa zimefanywa. Mwaka 2014 wasanii takriban 150 walialikwa Erriadh kuchora kuta za nyumba, na mpango huo, ulioitwa Djerbahood, umekipa kijiji uhai. Wengine huja Ajim kutafuta nyumba iliyoonekana katika filamu ya Marekani ya mwaka 1977 juu ya vita vya nyota. Mzee mwenye nyumba hana hasara naye anapopigwa picha.

Ila menzel zenyewe zinapungua. Mwenyewe akifariki, ardhi hugawanywa kwa warithi. Mmoja yuko Tunis, mwingine Ufaransa, wa tatu anauza sehemu yake, na tuta la mipungate linabomolewa ili gari ipite. Nyumba mpya ya ghorofa husimamishwa kati ya mizeituni, ikiwa na mfereji wa bomba jikoni, na birika la zamani hutiwa kifusi ili watoto wasitumbukie. Katika nyingine, ambako bado yupo bibi anayekaa, kifuniko cha birika hufunuliwa kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, dari hufagiwa, na chokaa hupakwa upya.