Lugha za kutunga na heshima ya mtu

Huku Kasongo, pamoja na Kiswahili, twasikia Kikusu na Kizimba, Kabambare, Kibangubangu. Kila lugha ina sheria zake, na mtoto anayekosea husahihishwa na mama yake.

Mwaka 1930 gazeti la kikatoliki la Brussels lilianza kuwapa watoto hadithi ya picha, «Tintin au Congo». Mtungaji wake, Hergé, hakufika Kongo kamwe. Kabila moja alilolibuni aliliita Babaoro'm. Jina hilo ni la keki tu, baba au rhum, lililogeuzwa lifanane na la kiafrika. Tena humo watu weusi wanavunja Kifaransa, lakini mbwa Milou anakisema vizuri.

Mwingereza Tolkien, mkatoliki naye, aliwatungia watu wa hadithi, wasiokuwako, lugha zenye sarufi. Basi kutunga lugha si kosa. Kosa ni kumnyang'anya mtu halisi lugha yake ili aonekane mjinga.

Sisi nasi tujichunguze. Katika mchezo wa Noeli, tukimsemesha Mbilikimo ovyo ili watu wacheke, tumetenda yale yale. Kwanza tumwulize kwao wanasemaje.