Intaneti Ni Nini, na Hukatika Wapi?

Wakulima na wafugaji wengi siku hizi wana simu za kufungua intaneti, lakini si wengi wajuao habari hutoka wapi wala hupita njia gani. Kutojua huku huleta hasara. Mama mmoja mfugaji wa kuku huko Kayole, Nairobi, alinunua bando mara tatu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, akidhani kila mara kwamba la kwanza limekwisha. Kumbe bando lake lilikuwapo. Kilichoharibika kilikuwa chini ya bahari, mbali sana, upande wa Afrika Kusini. Basi, msomaji, yafaa tuifuate njia hii hatua kwa hatua.

Kompyuta mbili zikiunganishwa ili zipeane habari, huo ni mtandao. Simu yako nayo ni kompyuta ndogo. Mitandao ya dunia nzima ikiunganishwa pamoja, hiyo ndiyo intaneti. Haina mwenyewe mmoja. Ni kama barabara: njia ya shamba huingia barabara ya kijiji, nayo huingia barabara kuu.

Tuseme yule mama ataka kuona bei za mazao ambazo Wizara ya Kilimo huziandika katika ukurasa uitwao KAMIS. Kila kompyuta katika intaneti ina anwani ya namba, kwa hiyo simu yake huuliza kwanza namba ya jina lile, kama mtu atazamavyo kitabu cha simu. Kisha ombi lake hupita hewani mpaka kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kilichowekwa katika ploti. Kutoka hapo huingia katika faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ambao hutundikwa nguzoni kando ya barabara. Ndani yake habari husafiri kwa mwanga. Asiye na ruta, simu yake husema na mnara ulio karibu. Njia zote mbili hufika kwenye mitambo ya kampuni iuzayo intaneti, na mwisho kwenye seva, yaani kompyuta itunzayo kurasa. Jibu hurudi limekatwa vipande vidogo vingi, kila kimoja kina anwani yake, na simu huvipanga upya.

Ukurasa ukiwa katika seva ya Nairobi, habari yaweza kubaki nchini, kwa kuwa makampuni hupokezana habari katika kituo cha KIXP, ambacho kimekuwa kikifanya kazi hapo tangu mwaka 2002. Ukurasa wa ng'ambo hupitia nyaya za baharini zifikazo Mombasa. Nyaya hizo zilianza kutumika mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, njia ya ghali na ya polepole. Nyaya mbili, EASSy na Seacom, ndizo zilizokatika Jumapili ile.

Basi intaneti ikikataa, usikimbilie kununua bando. Fanya hivi:

1. Tazama salio la bando. Kama lipo, usinunue jingine.

2. Zima simu, kisha uiwashe. Muulize jirani atumiaye kampuni ile ile. Kama yake yafanya kazi, taabu i katika simu yako.

3. Kama ploti nzima haina intaneti, tazama kama ruta ina umeme na taa zake zawaka. Kisha mwite mwenye kuwauzia.

4. Kama kurasa nyingine zafunguka na nyingine hazifunguki, na majirani wote waona hivyo, yaelekea taabu i mbali. Ngoja, bando jipya halitaitengeneza.

Tena kumbuka kwamba kutuma pesa kwa M-Pesa kwa kubonyeza *334# hakuhitaji bando. Intaneti ikikatika, bado waweza kumlipa mwenye duka la chakula cha kuku.

Mkulima wa mfereji, maji yakikosekana shambani, hanunui jembe jipya. Huufuata mfereji mpaka aone umeziba wapi. Nawe fanya vivyo hivyo, na fedha yako itabaki mfukoni.