Sura ya Sita: Kazi ya Kunyima

Ukifungua jedwali la mechi ya mpira wa kikapu, jicho hukimbilia safu ya pointi. Nani kafunga ngapi? Safu nyingine huachiwa makocha na wale mashabiki wasiolala. Kwa kipimo hicho cha haraka, Dikembe Mutombo hakuwa mtu wa kumpigia kelele: katika misimu 18 ya NBA na mechi 1,196, alifunga wastani wa pointi 9.8. Wachezaji wa wastani huo wamepita kwa mamia na majina yao yamesahaulika. Yeye aliitwa mara nane kwenye mechi ya nyota wa ligi, akatangazwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka, na mwaka 2015 akaingizwa katika Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa mchezo huo.

Alilipwa kwa kuwanyima wapinzani pointi, na kazi hiyo ina sheria zake. Mpira ukitupwa kuelekea kikapuni, mlinzi ana ruhusa ya kuugusa ukiwa bado unapanda. Ukishaanza kushuka kwenda kwenye ringi, akiugusa hata kwa ncha ya kidole, mwamuzi anahesabu kikapu. Muda alionao basi ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Akiruka mapema, mwenye mpira anamngoja ashuke ndipo atupe. Akichelewa, pointi zimeshaingia. Akipiga mkono badala ya mpira, ni faulo, na katika NBA faulo ya sita humtoa mtu mchezoni. Urefu wa mita 2.18 aliokuwa nao Mutombo ni mtaji, lakini ligi hiyo haijawahi kupungukiwa watu warefu. Wengi wao hurukia kila chambo wanachorushiwa. Ustadi wa Mutombo ulikuwa kukaa karibu na ringi, kuinua mikono na kumwacha mshambuliaji aamue kwanza.

Tena kuna sehemu ya kazi hii ambayo hakuna mwenye kalamu anayeiandika, nayo ni ile mitupo isiyotupwa. Mshambuliaji kampita mlinzi wa kwanza, njia nyeupe, mara anainua macho na kumwona jamaa huyo amesimama pale. Anageuka au anarudisha mpira nje, na sekunde za kushambulia zinazidi kwisha. Wenzake Mutombo nao walikaba kwa ujasiri huku mbele, kama mabeki wanaomwamini golikipa wao, kwa sababu aliyepitwa alijua nyuma yake kuna mtu.

Bloku zenyewe, yaani mitupo iliyozuiwa, ligi ilianza kuzihesabu rasmi msimu wa 1973/74, kwa hiyo kazi ya Bill Russell na Wilt Chamberlain haimo vitabuni. Tangu hapo anayeongoza ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830, akifuatwa na Mutombo wa Kongo mwenye 3,289. Waafrika wawili, wote waliochelewa kuuanza mchezo.

Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alifika Marekani mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akaingia Chuo Kikuu cha Georgetown jijini Washington akiwa na nia ya kusomea udaktari. Kocha John Thompson ndiye aliyemvuta uwanjani alipokuwa mwaka wa pili. Pale alikutana na Alonzo Mourning, mzuiaji mwingine wa daraja la juu, na mazoezi yakawa shule ya pili: kila siku unakabana na mtu wa kaliba yako au anayekuzidi. Mwaka 1989, katika mechi dhidi ya St. John's, alizuia mitupo 12. Udaktari aliuacha, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia. Mwaka huohuo Denver Nuggets wakamchukua, wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya. Alikuwa na miaka 25. Wakati huo wenzake wengi wa umri huo walikuwa wameshacheza ligi misimu mitatu.

Picha yake inayojulikana kuliko zote ilipigwa Seattle tarehe 7 Mei 1994. Denver walikuwa wameponea kuingia mtoano wakiwa wa nane, timu ya mwisho kupita upande wao wa ligi, wakapangiwa Seattle SuperSonics walioshinda mechi 63 msimu ule. Hakuna timu ya nane iliyokuwa imewahi kuing'oa ya kwanza. Walifungwa mechi mbili za mwanzo ugenini na raundi yenyewe ilikuwa ya mechi tano, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: wakipoteza moja tu, wanafunga mizigo. Wakashinda mbili nyumbani. Ya tano ikaenda muda wa nyongeza na kuisha 98 kwa 94. Mpira wa mwisho uliokosa kikapu aliudaka Mutombo, na kipenga kilipolia alijitupa sakafuni chali, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso, anacheka na kupiga mayowe. Katika mechi zile tano alizuia mitupo 31. Kina Shawn Kemp wa Seattle, waliozoea kutundika mpira kwenye ringi wanavyotaka, walijikuta wakitupa wakiwa mbali zaidi.

Raundi iliyofuata Utah waliwatoa. Lakini bei ya Mutombo ilishapanda. Mwaka 1996 mkataba wake na Denver ulikwisha, akasaini miaka mitano na Atlanta Hawks. Hapo ndipo ile ishara ya kidole, aliyokuwa akiifanya tangu Denver, ikawa kero kwa wakubwa wa ligi. Kila alipozuia, alimpungia kidole cha shahada aliyezuiwa: wewe, humu hakuna kitu. Ligi ikaona ni dharau na kuamua kuwa akimfanyia mpinzani ni faulo ya kiufundi. Yeye akageuka na kuanza kuwapungia watazamaji. Katika mtoano wa 1997, Michael Jordan alimpandia juu ya kichwa, akatundika, kisha akamrudishia kidole kilekile. Mtu anayejiweka njiani kila siku lazima siku moja atapitwa mbele ya kamera. Wapo warefu wanaojitoa pembeni makusudi ili wasionekane kwenye picha kama hiyo. Mutombo hakuwa mmoja wao, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko kidole chenyewe.

Februari 2001 Atlanta walimuuza Philadelphia 76ers. Msimu ule alikuwa kinara wa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, katika ligi nzima na akapata tuzo yake ya nne ya ulinzi. Philadelphia walifika fainali, na fainali ikaonyesha mpaka wa ufundi wake. Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers hakuwa mtu wa kutegewa hewani. Alikuwa akirudi nyuma kwa mgongo, hatua kwa hatua, hadi mlinzi anajikuta chini ya ringi, ndipo anageuka. Kufikia hapo mikono mirefu haisaidii. Shaq alifunga wastani wa pointi 33 na Lakers wakabeba kombe mechi nne kwa moja. Mwaka 2003 Mutombo alirudi fainali akiwa na New Jersey Nets, wakafungwa na San Antonio. Kombe hakulipata kamwe.

Baada ya fainali ile ya 2001 ilianza kutumika sheria mpya, na badiliko hilo hutajwa kwa nadra kwenye habari zake. Kuanzia msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hakuruhusiwa kukaa ndani ya eneo la mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Mutombo alikuwa na miaka 35, na pale mahali alipojengea maisha yake pakawekewa saa.

Mwingine angestaafu. Yeye alipita New York, kisha mwaka 2004 akaenda Houston Rockets kuwa msaidizi wa Yao Ming, na ukweli ni kwamba aliufanya uzee ukawa kazi. Kasi na wepesi wa kuruka hupotea mapema. Kujua mpira utakwenda wapi huchelewa kupotea. Januari 2007 alimpita Kareem Abdul-Jabbar na kushika nafasi ya pili ya bloku. Februari 2008 Houston wakiwa wameshinda mechi 12 mfululizo, Yao aliumia mguu na msimu wake ukaishia hapo. Mutombo, miaka 41, akaanza mechi badala yake. Timu ikaongeza ushindi mwingine 10 kabla ya kufungwa.

Hitimisho lilikuja Portland tarehe 21 Aprili 2009, mechi ya pili ya mtoano. Aligongana na Greg Oden wa Portland akaanguka, goti limeharibika, akabebwa kutolewa nje. Alisema palepale kwamba kwake mchezo umekwisha.

Kufikia wakati huo sehemu ya mishahara yake ilikuwa imeshageuka majengo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mama yake alifariki Kinshasa baada ya kushindwa kufikishwa hospitali wakati wa amri ya kutotoka nje. Hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Ina vitanda 300 na iligharimu dola milioni 29, takriban nusu zikitoka mfukoni mwake. Alifariki Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda amekuwa akingoja jina jingine muda wote huu. Miezi miwili baada ya goti lile, Mtanzania Hasheem Thabeet aliteuliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Naye alichelewa kuanza mchezo, naye alikuwa mzuiaji hodari chuoni Connecticut, tena mrefu kumzidi Mutombo. Alicheza NBA misimu mitano, mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Walio wepesi wa kumcheka husahau kuwa alikabidhiwa kazi ileile katika soko jingine. Mwaka 2009 mtu mrefu hakuachwa tena akae langoni: saa ya sekunde tatu ilikuwa inahesabu, na timu pinzani zilimvuta hadi mbali na ringi akakimbizane na walinzi wafupi wenye mbio. Mutombo aliingia ligi mwaka 1991 akapewa dakika nyingi za kukosea na kujifunza. Thabeet alikuwa bado katika msimu wake wa kwanza alipopelekwa ligi ndogo, na mwaka uliofuata Memphis wakamuuza Houston, ambako alicheza mechi chache sana.