Mkatoliki akilinganisha wakandida juu ya kutoa mimba

Mwaka 2024, wakati wa uchaguzi wa Marekani, tulibishana sana na vijana wa parokia. Mmoja akasema Mkatoliki hana cha kufikiri, angempa Trump kura yake na kwisha. Niliitika upesi. Kisha nikasoma maneno ya wakandida wenyewe, nikaona nilikimbia.

Kwa Kamala Harris hakuna fumbo. Alitaka Kongresi irudishe, kwa sheria ya inchi nzima, haki iliyotolewa na hukumu ya Roe v. Wade ya 1973. Mwezi wa tatu 2024 alitembelea hata kliniki moja ya Minnesota ambako mimba zinatolewa. Hapo Eklezia haina cha kupatana naye.

Donald Trump njo anaomba kusomwa polepole. Majaji watatu aliowaweka walisaidia kuangusha Roe mwezi wa sita 2022. Ni kitu kikubwa, tusikidharau. Lakini nyuma alisema kila jimbo liamue lenyewe, na mbele ya kura akaandika kwamba sheria ya kukataza kutoa mimba inchi nzima hataitia sahihi. Anakubali pia mimba itolewe kama mama alibakwa, kama ni ya ndugu kwa ndugu, ao kama maisha ya mama iko hatarini. Tena akaahidi serikali ao bima italipia kutungisha mimba nje ya mwili, jambo ambalo Roma ilikataa tangu 1987. Ukipima kitu hiki kimoja tu, iko karibu na Eklezia kuliko Harris. Karibu, si ndani.

Sasa mpiga kura afanye nini? Mwaka 2004 Kardinali Ratzinger, ambaye nyuma akawa Papa Benedikto wa XVI, aliwaeleza maaskofu wa Marekani hivi: ukimchagua mtu juu anaunga mukono kutoa mimba, unashiriki ubaya wake. Ukimchagua kwa sababu zingine, huku unakataa hilo, unashiriki kwa mbali, na inaweza kuruhusiwa kama sababu zako ziko na uzito wa kulingana. Neno «uzito» njo linanisumbua: bei ya mafuta haiwezi kulingana na uhai wa mtoto. Tarehe 13 Septemba 2024, ndani ya ndege akitoka Singapour, Papa Fransisko alisema wote wawili wako kinyume cha uhai, mmoja anafukuza wahamiaji, mwingine anaua watoto. Kila mtu achague ubaya ulio mdogo kwa dhamiri yake. Wengi walikasirika. Mimi nilipumua.

Na kwetu? Protokole ya Maputo, iliyotangazwa ndani ya Journal officiel mwezi wa tatu 2018, inaruhusu kutoa mimba kwa aliyebakwa, kwa mimba ya ndugu kwa ndugu, na kama afya ya mama iko hatarini. Mwisho wa mwaka ule tulipiga kura, tena 2023. Sikusikia kandida hata mmoja akiulizwa msimamo wake. Na sisi tunaosema hapana tungepaswa kuongeza swali la pili: binti aliyebakwa kule Kivu, tukimwomba abebe mimba ile mpaka mwisho, nani atamlipia hospitali, na mtoto atasomeshwa na nani?

Mimi 2023 mbunge wangu nilimchagua juu aliahidi barabara. Hayo mengine sikumuuliza.