Kutoka Cheo hadi Jina: Asili na Mtawanyiko wa Jina la Pazi katika Dar es Salaam na Viunga Vyake

Jina la Pazi si miongoni mwa majina yanayojaa katika orodha za shule za Dar es Salaam. Juma, Salum, Ramadhani na Mohamedi hulizidi kwa mbali, na katika miongo ya karibuni majina ya watu kutoka mikoa ya bara yamelizidi pia. Hata hivyo halijatoweka. Hujitokeza hapa na pale katika kata za pembezoni mwa Temeke na Kinondoni, na kila linapojitokeza wenyeji hulitambua mara moja kuwa ni jina la Kizaramo. Baadhi huongeza kwamba mwenye jina hilo ni mjukuu wa Pazi Kilama, yule ambaye masimulizi yanamtaja kuwa aliwakomboa Washomvi wa pwani kutoka mikononi mwa Wakamba. Kauli hiyo ya pili ndiyo inayohitaji kuchunguzwa, maana inachukua neno moja na kulifanya ushahidi wa nasaba, na katika jiji ambamo swali la nani ni mwenyeji limefungamana na swali la nani alikuwa na shamba, ushahidi wa aina hiyo si jambo dogo.

Pazi halikuanza kama jina la mtu. Lilikuwa cheo. Masimulizi ya kale ya Dar es Salaam yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa Berlin mwaka 1907 yanaeleza jinsi Washomvi, watu wa miji midogo ya pwani ambao wenyewe walijinasibisha na Barawa, walivyosumbuliwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa Kilama aliyekuwa bara. Kilama alishinda, na kutokana na ushindi huo Wazaramo wakapata haki ya kupokea ada kutoka kwa watu wa pwani. Mwanahistoria atajiuliza ni mangapi katika kisa hiki yametukia na ni mangapi yametungwa baadaye ili kuhalalisha ada yenyewe. Mwanaisimu ana swali jepesi zaidi: neno pazi limekaa wapi katika sentensi? Jibu ni kwamba limekaa mbele. Ni Pazi Kilama, si Kilama Pazi.

Nafasi hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala mzima. Katika Kiswahili na katika lugha jirani zake, cheo hutangulia jina la mtu: Jumbe fulani, Liwali fulani, Shehe fulani, Mwalimu fulani. Jina la baba au la babu hufuata. Kwa hiyo neno moja likisimama mbele ya jina ni wadhifa, na likisimama nyuma ni nasaba. Richard Burton, aliyepita katika nchi ya Wazaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu pamoja na Speke, anaandika kwa mpangilio uleule wa cheo kwanza anapomtaja Pazi Mazungera, ambaye kauawa kwa Mfaransa Maizan mwaka 1845 huko Dege la Mhora kuliambatanishwa na jina lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton anaeleza pia kwamba pazi ndiye mkuu wa makazi, na kwamba chini yake alikuwapo mshauri aliyeitwa mwene goha. Neno mwene, kwa njia, ni ndugu wa mwenye na mwinyi, na mwinyi litarejea hivi punde.

Kuna jambo dogo la tahajia lisilofaa kupuuzwa. Burton aliandika neno hilo kwa kuweka h baada ya p. Masikio ya wasafiri wa karne ya 19 si ya kuaminiwa katika kila kitu, lakini mpumuo ni sifa halisi ya vipasuo vya Kiswahili cha pwani. Wasemaji wa lahaja zinazouhifadhi hutofautisha paa la nyumba, lisilo na mpumuo, na paa mnyama, mwenye mpumuo, ingawa tahajia sanifu huandika maneno yote mawili sawa. Mpumuo wa namna hiyo katika nomino mara nyingi ni alama iliyoachwa na nazali ya ngeli ya N iliyopotea. Kama Burton alisikia sawasawa, pazi lilikuwa nomino ya ngeli hiyo, kisha likaingia katika kundi la majina ya vyeo ambayo wingi wake hupewa kiambishi ma-: majumbe, maakida, madiwani, maliwali, mapazi. Wanaolihusisha jina hili na pazia la mlangoni, wakidai kwamba pazi ni mtu aliyekaa nyuma ya pazia, wanafuata mlio tu. Hakuna kanuni ya sauti, ya Kizaramo wala ya Kiswahili, inayokata a ya mwisho ya nomino namna hiyo, na wakuu wa Kizaramo hawakujulikana kwa kujificha nyuma ya vitambaa.

Hoja ya wingi ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama kulikuwa na mapazi, hapakuwa na pazi mmoja. Wazaramo hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Kila eneo lilikuwa na mkuu wake, na wakuu hao hawakuwa watu wa tumbo moja. Kilama ni mmoja wao, aliyebahatika kuingia katika masimulizi. Kwa hiyo, pale cheo kilipogeuka kuwa jina, kiligeuka katika familia nyingi zisizohusiana, kila moja kwa wakati wake. Watu wawili wanaoitwa Pazi, mmoja wa Mbagala na mwingine wa Bunju, huenda hawana babu mmoja hata wakihesabu vizazi kumi, kama vile watu wawili wanaoitwa Jumbe hawalazimiki kuwa ndugu.

Cheo kiligeukaje kuwa jina? Pwani haikuwa na jina la ukoo kwa maana ya jina moja lisilobadilika linaloshuka kutoka kizazi hadi kizazi. Mtu alikuwa na jina lake, likafuatiwa na la baba, na ikibidi la babu. Mnyororo huo ulisogea hatua moja kila kizazi, na jina la nyuma kabisa likaanguka. Ulianza kuganda pale karatasi ilipoingia: daftari la kodi, cheti cha shule, leseni, hati ya kusafiria, na siku hizi kitambulisho cha taifa kinachotaka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa familia ya hayati Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, aliyezaliwa mwaka 1925 katika eneo la Mkuranga, mkoani Pwani, na kufariki mwaka 2024. Ali alikuwa mwana wa Hassan, na Mwinyi lilikuwa jina la babu. Kwa utaratibu wa zamani, mwanawe alipaswa kuwa Hussein Ali Hassan, na Mwinyi liachwe. Badala yake, Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020 anajulikana kwa jina la Hussein Ali Hassan Mwinyi, au Hussein Mwinyi kwa kifupi. Jina la babu wa baba limeganda, na kwa kuganda limekuwa jina la ukoo. Neno lenyewe, mwinyi, lilikuwa la heshima kwa wenye mji, kabla halijawa jina la mtu.

Pazi lilipitia njia hiyohiyo, ila kwa kikwazo ambacho Mwinyi, Jumbe na Akida hayakukutana nacho. Utawala wa Kijerumani ulichukua vyeo vya pwani, hasa akida na jumbe, ukavifanya vyeo vya serikali na kuvieneza hadi maeneo ambayo hayakuwahi kuvijua. Pazi halikuchukuliwa. Mzee ambaye watu wake walimwita pazi aliweza kuandikwa jumbe katika kitabu cha bomani, na wajukuu wake wakabaki na neno lililoandikwa. Hapa ndipo panapoonekana sababu kubwa ya uchache wa jina hili. Limebaki pale tu ambapo nyumba ilikuwa na nguvu kuliko daftari: ama watu waliendelea kumtaja babu kwa cheo chake hata baada ya kufa, ama mtoto alipewa Pazi kuwa jina lake la kuzaliwa kwa kumkumbuka mkuu fulani, kisha likashuka kwa wanawe kama jina la baba. Njia hii ya pili haidai hata tone la damu. Mtoto anaweza kuitwa Sultani bila baba yake kuwahi kukanyaga ikulu. Ilipofika mwaka 1963, Tanganyika ilipofuta kwa sheria mamlaka ya machifu, cheo cha pazi hakikuwa na la kufutiwa; jina lilikuwa limekwisha kuanza safari yake pekee.

Safari hiyo ilikwenda kinyume na njia ya cheo chenyewe, na jambo hili halijatiliwa maanani ya kutosha na wanaoandika habari za majina ya pwani. Wazaramo, kama majirani zao Waluguru na Wakutu, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi, mrithi wa mtu mkubwa alitafutwa kwanza kwa dada yake: mpwa alitangulia mwana. Uislamu na maisha ya mji vililegeza desturi hiyo, na hapakukosekana wana walioshika nafasi za baba zao, lakini mkondo mkuu ulikuwa huo. Jina la karatasi, kwa upande wake, hupita kwa baba. Matokeo yake ni kitendawili: mpwa aliyerithi upazi aliandikwa kwa jina la baba yake, aliyekuwa mtu wa ukoo mwingine, na wana wa pazi, ambao desturi haikuwapa kiti kwanza, ndio waliobaki na neno Pazi mwishoni mwa majina yao. Binti wa pazi naye alibeba jina hilo maisha yake yote, kwani mwanamke wa pwani kwa kawaida haachi jina la baba yake anapoolewa, lakini kwa watoto wake likakoma. Wanawake ndio waliopitisha kiti, na jina likafia kwao. Kwa hiyo, akitafutwa leo mrithi wa pazi yeyote kwa kanuni za Kizaramo chenyewe, kuna uwezekano mkubwa kwamba haitwi Pazi.

Mtawanyiko wa sasa unaeleweka kwa urahisi baada ya hayo. Jina hufuata ramani ya vijiji vya zamani vya Uzaramo, si ramani ya mitaa iliyopimwa. Kiini chake ni Kisarawe na Mkuranga, na mkono mmoja hupanda kaskazini kuelekea Bagamoyo. Ndani ya jiji, mahali pa kulitazamia ni vijiji vilivyomezwa: Mbagala, Chamazi na Yombo upande wa Temeke, na Bunju na jirani zake upande wa Kinondoni. Mipaka ya utawala imebadilika mara kwa mara, na katikati ya miaka ya 2010 Kigamboni ilitoka Temeke na Ubungo ikatoka Kinondoni. Anayelinganisha orodha za miaka tofauti akiisahau tarehe hiyo atadhani watu wamehama, kumbe ni mstari uliohamishwa.

Lakini watu nao wamehama. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na wakazi 272,821. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mashamba ya minazi na mihogo yaligeuka viwanja. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulifika Bunju, Mbweni na Toangoma, na wenye mashamba walilipwa fidia wakasogea mbele. Jina linalohesabika kwa nyumba chache haliwezi kustahimili mtawanyiko wa namna hiyo bila kupungua machoni, hata kama idadi ya wenye nalo haijapungua. Zaidi ya hayo, sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila, na hakuna sensa inayochapisha hesabu ya majina. Ndiyo maana jina lenyewe limeanza kutumiwa kama kipimo cha Uzaramo, kazi ambayo halikuundiwa.

Inafaa pia kujihadhari na orodha za kompyuta zinazohesabu majina ya dunia nzima kwa herufi peke yake. Huko Israel kuna watu waitwao Pazi, na jina lao linatokana na neno la Kiebrania lenye maana ya dhahabu safi. Orodha inayowajumlisha na watu wa Mkuranga inajumlisha herufi nne, basi. Na hata Dar es Salaam kwenyewe neno limepata maisha mengine: vijana wengi wamelijua kwanza kama jina la timu ya mpira wa kikapu, na huuliza baadaye, kama wanauliza, lilimaanisha nini.

Mtafiti anayekusudia kulifuatilia jina hili uwandani atanufaika akianza na masikio kabla ya daftari. Asikilize wingi. Wazee wakisema mapazi, wanazungumzia wakuu. Wakisema akina Pazi, wanazungumzia nyumba moja. Kisha aulize ni nani wa kwanza katika nyumba hiyo aliyeitwa hivyo, na kama alipotajwa neno hilo lilitangulia jina lake au lilifuata. Likiwa lilitangulia, swali linalofuata lisiwe juu ya wanawe. Liwe juu ya dada zake, na watoto wao waliitwa nani.