Panti ya Kufunika Nepi: Ni Ipi Inayomfaa Mtoto?

Akina mama tunaowatembelea hutuuliza mara kwa mara: "Nepi za kitambaa ninazo, lakini juu yake nimvalishe nini ili nisiloe mgongoni?" Swali hili ni la maana. Mama humbeba mtoto kwenda shambani, sokoni na kliniki, na hakuna anayependa kushinda na leso yenye mkojo. Lakini tuangalie vizuri, kwa sababu panti inayomkinga mama inaweza kumwumiza mtoto.

Kazi ya kunyonya mkojo ni ya nepi. Panti huzuia tu usitoke nje. Kama haipitishi hewa, joto na unyevu hubaki ndani. Ngozi hulainika kupita kiasi, halafu mkojo na choo huichoma. Hapo ndipo wekundu na vipele huanza. Fangasi nao hupenda mahali kama hapo.

Sasa, tuna aina tatu za kuchagua.

1. Panti ya plastiki. Hii ni ya bei rahisi na hukauka upesi. Lakini haipitishi hewa hata kidogo. Ifaa kwa safari fupi. Usiku mtoto alale bila hiyo, umtandikie kitambaa kizito. Maji ya moto na jua kali huifanya ngumu, na ikipasuka hukwaruza mapaja.

2. Panti ya kitambaa yenye utando mwembamba wa kuzuia maji. Ni laini na hupitisha hewa kiasi. Nyingi zina vifungo vya kuongeza ukubwa, kwa hivyo mtoto huivaa miezi mingi. Bei yake iko juu. Usiichemshe wala kuitia dawa ya kung'arisha nguo, utando utaharibika.

3. Panti ya sufu. Sufu hupitisha hewa, tena inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya kuonekana imeloa. Sweta kuukuu ya mitumba yaweza kukatwa na kushonwa panti. Lakini si kila sweta ni ya sufu! Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuwa majivu, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, siyo. Ioshe kwa maji vuguvugu, maji moto huifanya ijikunje.

Je, mfuko wa plastiki? Hapana. Unaweza kumziba mtoto pumzi. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017.

Unapochagua, jaribu hivi: vidole viwili vipite kiunoni bila taabu. Mpira wa mapajani ushike bila kubana; ukiacha alama nyekundu zisizoondoka haraka, hiyo ni ndogo. Nepi yote ifunikwe, kwani kitambaa kikichungulia nje kitakuloesha tu.

Tena, usimalize pesa kwa panti ukakosa nepi. Panti 4 zinatosha kama nepi ziko 20 hivi, maana panti ambayo haijachafuka hupanguswa ikatumiwa tena.

Hata panti nzuri namna gani, haichukui nafasi ya kubadilisha. Badilisha nepi kila baada ya saa 2 au 3, na mara moja mtoto akienda choo. Choo hicho kitupwe chooni, si nyuma ya nyumba. Choo cha mtoto kina viini kama cha mtu mzima. Nawa mikono kwa sabuni. Kila siku mpe mtoto muda wa kukaa bila nepi apigwe na hewa.

Vipele visipopungua kwa siku 3, au vikitoa usaha, mpeleke zahanati. Mtoto hawezi kusema panti inambana au inamchoma. Analia tu. Basi akilia, kabla ya kumpa titi, fungua kwanza uangalie.