Boti la okazyo: tuangalie nini mbele ya kulipa?

Ndugu wanakoperative wa kando ya Tanganyika, wengi mnatuuliza juu ya boti la okazyo la kupeleka mihogo na mahindi Uvira. Rangi mpya isiwadanganye, mara nyingi inafunika mbao zilizooza. Liangalieni likiwa limevutwa inchi kavu. Chomeni kisu mbao za chini, zaidi pale zinapoungana na karibu na misumari. Kisu kikiingia kama ndani ya muhogo uliolowekwa, mbao zimekwisha. Kisha litieni majini, pakieni mifuko mnayobebaga, ngojeni saa 2. Kuchota maji kidogo ni kawaida. Kuchota bila kupumzika, hapana.

Moteri iwashwe ikiwa baridi. Mkiikuta tayari iko na moto, ngojeni ipoe: muuzaji anajua sababu yake. Maji ya kupoza yaruke nyuma kwa nguvu. Yasiporuka, moteri itaungua. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

Karatasi ziwe na jina la huyo anayeuza. Na mlipeni fundi wa mbao siku yake aje nanyi, asiwe ndugu ya muuzaji.